Ng'ombe Mwekundu kwa Mama Tusekile

Kwa miaka minne nimekuwa nikilala vibaya kwa sababu ya karatasi moja. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, pale Nkunga, siku ya mvua, na wino wake ulikuwa umeanza kuchuruzika. Ilikuwa orodha ya waombaji wa ufadhili wa chuo ambao nyumba zao zingetembelewa Jumanne iliyofuata, ili watu wa Mfuko waone kwa macho yao kama kweli tulikuwa maskini kama tulivyojaza kwenye fomu. Jina langu, Lusajo, nililiona. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu nakumbuka nililigusa kwa kidole na kidole kikatoka na wino. Nisilokuwa na hakika nalo ni kama nililisoma na jina lililokuwa chini yake. Wakati mwingine nikifumba macho naliona, limeandikwa wazi: Tusekile, mtoto wa jirani yetu. Wakati mwingine naona doa la wino tu. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi mpaka imechakaa kama noti iliyofuliwa mfukoni, na sasa sijui tena kipi nilikiona na kipi nimekichora mwenyewe.

Mama yake Tusekile alifariki mwezi uliopita. Nilikuwa Mbeya, najitolea kwenye maabara ya kituo cha afya huku nikisubiri ajira, na nilipofika nyumbani ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu wa mbali wameshaanza kufunga mizigo yao. Nilimkuta Tusekile nyuma ya nyumba na shangazi zake wawili, anamenya ndizi, viganja vyeusi kwa utomvu. Hakuinuka. "Daktari wa choo," alisema, kwa sababu tangu nilipochaguliwa kusomea maabara hakuwahi kuniita jina lingine, "umechelewa. Tumeshazika." Nikampa pole. "Nimeshapoa. Kaa, kisu hicho hapo." Nikakaa nikamenya. Mdogo wake, Bupe, alipita na ndoo ya maji kichwani, mrefu kuliko nilivyomwacha, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo bila kumwaga tone. Tusekile alimfuata kwa macho mpaka akaingia jikoni. "Huyu naye ameomba kule kule kwako," alisema. "Uuguzi, kama nilivyoomba mimi. Wamesema watapita kuangalia nyumba." Shangazi mmoja akasema Kyala, yaani Mungu, atasaidia. Tusekile akatupa ganda kwenye karai. "Watupite tu," akasema. "Safari hii hatuna cha kuwanywesha."

Shangazi zake walicheka kidogo, wakidhani ni utani juu ya umaskini. Mimi nilijikata kidole. Na kabla damu haijakauka simu yangu ililia, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa mratibu wa Mfuko, mama mmoja wa Tukuyu mwenye sauti ya upole, akiniambia kwamba wanatafuta kijana mhitimu wa Mfuko wenyewe, anayejua njia za vijijini, awe mtembelea kaya. Kazi yenye mkataba. Niende ofisini Alhamisi. Nilisema ndiyo, ndiyo, asante mama, nimesimama kwenye migomba ile ile niliyosimama mwaka ule.

Mwaka ule tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, mimi na Tusekile, na wote wawili tulikuwa tumepata nafasi za chuo. Barua ya kujiunga niliisoma mpaka nikaikariri: ndoo yenye mfuniko, blanketi, rimu ya karatasi, ada ya muhula wa kwanza. Bila Mfuko, ada ile ilikuwa ndoto. Fomu ya Mfuko ilikuwa na maswali mengi, lakini lililomkosesha mama amani lilikuwa moja: kaya ina mifugo gani? Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mwenye baka jeupe puani, na alikuwa na mimba. Fundi cherehani mmoja wa pale sokoni alikuwa amemwambia mama kwamba mwenye ng'ombe wa maziwa hapati. Kuna mtoto wa Isongole alikatwa kwa sababu hiyo hiyo. Sikuwahi kujua kama ni kweli. Mama aliamini, nami nikaandika kwenye fomu kwamba hatuna. Baada ya hapo ilibidi ng'ombe asiwepo.

Nakumbuka mazungumzo yale yote, na hata harufu ya chumba: moshi, magimbi yaliyoungua chini ya sufuria, koti langu linalokauka juu ya jiko. Mama alitaka ng'ombe apelekwe kwa mjomba, Isongole, juu kwenye viazi, ambako hakuna mtu wa Mfuko angefika. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema ni mbali, mvua ni kubwa, ng'ombe ana mimba, atateleza. "Tumpeleke kwa Mama Tusekile," nilisema. "Ni hapo tu." Yote yalikuwa kweli, mvua na utelezi na mimba. Ila nilikuwa nimetoka ofisi ya kata mchana huo, na kidole changu bado kilikuwa na wino.

Kwetu kuweka ng'ombe kwa mtu ni jambo la kawaida. Aliyewekewa hulisha, hukamua, hunywa maziwa, na watoto wake hushiba. Ila ana wajibu mmoja, na wazee huushika kama wanavyoshika sala: mgeni akiuliza ng'ombe ni wa nani, hasemi. Mwenye ng'ombe ana sababu zake, pengine ndugu wenye tamaa, pengine macho ya watu, na hizo hazimhusu anayefuga. Anayeweza kutamka "ni wangu" ni mwenyewe tu. Kwa hiyo nilipofika na kamba mkononi, Mama Tusekile hakuuliza kitu. Alimpapasa ng'ombe kwenye baka la pua. "Ndaga," alisema, akishukuru, kwa kuwa kwake huo ulikuwa mzigo wa heshima, "mwambie mama yako atakula vizuri." Mume wake alikuwa amefariki zamani, banda lake lilikuwa tupu miaka mingi, na niliona jinsi alivyofurahi kulitandika majani. Tusekile alikuwa kizingitini anasuka nywele za Bupe. "Mmetuletea mgeni," alisema. "Anakaa mpaka lini?" Nikasema siku chache tu. Hakusema kwamba Jumanne watakuja na kwao. Nami sikuuliza. Labda hakuwa amepata habari bado. Labda alidhani najua.

Jumanne ilikuja na ukungu mzito kiasi kwamba gari jeupe la Mfuko tulilisikia muda mrefu kabla ya kuliona. Mama alikuwa ameficha redio, godoro moja, na kopo la sukari. Nilikuwa nimekwangua banda tangu alfajiri na kufukia samadi chini ya migomba, lakini harufu haifukiki. Waliingia wawili, kijana mwenye kishikwambi na mama mwenye mabuti ya mvua. Mama aliwapa chai kavu, bila sukari, kwenye vikombe vya bati. Yule mwenye mabuti aliishika tu, akatazama kuta, akatazama kona ambayo redio ilikuwa imeacha alama ya mraba kwenye vumbi. "Banda lile la nini?" aliuliza. Mama akasema tulikuwa na ng'ombe zamani. Yule mama alinitazama mimi, si yeye. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, kisha akasema, "Haya, tunashukuru." Cha kusikitisha ni kwamba hata na redio, na sukari, na ng'ombe, bado tulikuwa maskini. Labda tungepata vilevile. Hilo nalo nimelifikiria mpaka nikachoka.

Walipotoka hawakurudi kwenye gari. Walikata kushoto, wakashika kijia cha kwenda kwa Mama Tusekile. Nilisimama mlangoni, na mama nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo, "Wanaenda wapi hao?" Nilizunguka nyuma, nikapita katikati ya migomba, nikainama, mpaka nikafika mahali ambapo niliona ua wote. Sikuwa na mpango wowote. Nilijiambia naenda kuangalia tu.

Mama Tusekile alikuwa amefagia mpaka udongo ukang'aa, kama afanyavyo mtu wa kwetu akisikia mgeni anakuja, tajiri au fukara. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Yeye hakuficha kitu, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Na kwenye banda, mwekundu, ameshiba, tumbo limejaa, alisimama ng'ombe wetu. Wageni walikuwa wanaandika mambo ya paa na choo pale ng'ombe aliponinusa. Aligeuza kichwa upande wa migomba, akalia, sauti ndefu ya kuniita, kama alivyozoea kila jioni nikimletea majani. Wote walimgeukia. "Ng'ombe huyu ni wenu?" aliuliza mwenye mabuti. Mama Tusekile alifuta mikono kwenye kitenge. "Yupo hapa," alisema. "Nimeuliza kama ni wenu, mama." "Anakula hapa, mwanangu. Karibuni maziwa." Na akawaletea maziwa ya mgando kwenye glasi, zile glasi mbili za maua alizokuwa nazo, kwa sababu maziwa yalikuwepo na wageni walikuwepo, na yeye hakujua namna nyingine ya kuishi. Tusekile alisimama kizingitini. Hakumtazama mama yake wala wageni. Alitazama migomba.

Waliporudi walipita karibu nami, hatua tatu hivi. Kijana alikuwa bado na povu la maziwa kwenye sharubu. "Niandike mmoja?" aliuliza. "Mmoja, wa maziwa, ana mimba," alisema mwenye mabuti. "Na andika mzazi hakuwa wazi. Umeona alivyokwepa?" "Yule wa nyumba ya kwanza hata sukari hana," alisema kijana. "Huyo apite. Huyu hapana." Sentensi chache tu, tena bila ukali, kama watu wanaochagua nyanya sokoni. Ningeweza kusimama. Ningehitaji kusema maneno matatu. Badala yake nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa, nikangoja mpaka mlio wa gari ukaisha.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu baada ya wiki mbili. Mimi nilipata. Siku ya pili yake Mama Tusekile alimrudisha ng'ombe mwenyewe, anamvuta taratibu kwenye matope. Alimkabidhi mama kamba. "Ng'ombe wako huyu, Mama Lusajo. Amekula vizuri." Mama alipokea kamba kwa mikono miwili na hakuweza kuinua uso. Walisimama hivyo, wanawake wawili na ng'ombe katikati, wakaulizana habari za mahindi. Tusekile alianza kuchuma chai mwezi ule ule. Nilipokuwa naondoka, mama yake alinipikia mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwa maharage, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, na Tusekile akaniletea ndoo yenye mfuniko aliyokuwa ameshanunua kwa ajili ya chuo. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu ya kucha. "Chukua, Daktari. Mimi huku napokea maji ya mvua." Nilioga kwa ndoo ile miaka mitatu, na kila asubuhi jina lile lilinitazama.

Alhamisi nilikwenda Tukuyu. Mratibu alisimama kunipokea, na kabla hajaketi nilimtambua, ingawa safari hii alikuwa na viatu vya ofisini. Yeye alifurahi. Alisema ananikumbuka, chai kavu na kijana mwenye macho ya woga, na tazama sasa. Alinipa mkataba nikausome, niurudishe Jumatatu, kisha akanifungulia jalada la Nkunga nizoee. Orodha mpya ilikuwa na jina la Bupe. Pembeni yake kulikuwa na mstari wa kalamu nyekundu. "Hao ruka," alisema. "Kaya ile tulishaiona. Walitupa maziwa mazuri, mpaka leo nayakumbuka. Mafuta ya pikipiki hayatoshi kwenda kwa watu wenye ng'ombe." Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama kaya haiwezi kubadilika. "Inaweza," alisema. "Ila imeandikwa mzazi hakuwa wazi. Mtu wa namna hiyo humrudii." Aliitwa nje, nikabaki na jalada. Chini kabisa, imekunjwa mara nne, ilikuwepo orodha ya mwaka ule, ile ile iliyokuwa ubaoni, bado na michirizi ya mvua. Niliifungua polepole kama mtu anayefunua kidonda. Jina langu lilikuwa na alama ya kidole. Chini yake, halikuguswa na tone, halina doa: Tusekile.

Nilitegemea kuanguka, au kulia. Nilichohisi ni aibu baridi, na akili yangu, ambayo haijawahi kuninyamazia, ikaanza mara moja kutafuta mlango. Jina linaweza kuwa mbele ya macho na mtu asilisome. Au ningesaini mkataba, niende mwenyewe kwa Bupe, niandike kwamba ng'ombe alikufa. Mtoto angepata, kazi ningepata, mama asingeaibika. Njia nzima ya kurudi Nkunga niliupamba mpango huo. Ulikuwa mzuri kila upande isipokuwa mmoja: Mama Tusekile angebaki ndani ya jalada milele, kwa kalamu nyekundu, mtu asiye wazi. Na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikifanya kwa miaka minne. Nilikuwa nimejificha ndani ya swali la karatasi. Nilikuwa nikijiuliza kama nililisoma jina, kila siku, ili nisijiulize juu ya migomba, ambako hakukuwa na shaka yoyote. Pale nilisikia kila neno.

Mama aliposikia kwamba nitakwenda kusema ukweli alikaa kitako. "Watakunyang'anya cheti," alisema. Nikasema sijui. "Watu watanitazamaje kanisani?" Nikasema hilo nalo sijui. Alianza kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. "Basi sema ni mimi niliyekutuma, mwana gwangu." "Kamba nilishika mimi, mama," nikasema. Hakubisha tena.

Tusekile nilimngoja kwenye banda la kupimia chai, jioni ya Jumamosi, akaja na kikapu mgongoni na nailoni kiunoni, amelowa. Nilikuwa nimepanga maneno, mengi, yenye utangulizi. Yaliyotoka ni kwamba nilikuwa kwenye migomba siku ile. Alishusha kikapu. "Unadhani sikukuona?" alisema. "Ng'ombe alikuonyesha." Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata mara moja, hata kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Ng'ombe hakuwa wangu." Wachumaji wengine walikuwa wanatupita, mmoja akamtania kwamba amepata mchumba mwenye kalamu mfukoni, hakucheka. "Mama alikuwa akisema, mwacheni Lusajo, ana mawazo mengi yule, yatamsukuma tu atasema. Alikungoja. Mpaka wiki ile ya mwisho akisikia pikipiki anauliza kama ni wewe." Alikipandisha kikapu mgongoni. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanikwepa, bila chuki, kama mtu anayekwepa tawi. "Usiniambie mimi," alisema. "Mimi najua."

Barua niliiandika Jumapili. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, na niliposoma niliona kwamba kurasa mbili na nusu zilikuwa za kunitetea. Iliyobaki niliinakili kwa mkono. Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha Tukuyu, na mratibu alikuwa anakung'uta mwavuli mlangoni nilipofika. Niliweka mezani mkataba, bila saini, na juu yake barua. Aliisoma amesimama. Alipofika mwisho aliirudia tokea mwanzo, kisha akafungua kabati, akatoa jalada la Nkunga, akalifungua kwenye ukurasa wenye mstari mwekundu. Sauti yake haikuwa ya upole tena, wala haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ile ya mwaka ule, ya mtu anayeandika. Alichukua kalamu.

"Ng'ombe alikuwa wa nani?"

"Wetu," nikasema.